Bampa la Altezza na magari mengine ya spoti ya zamani: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali ni yaleyale kila wiki, mtu kagonga tuta usiku, mwingine kagongwa na bodaboda kwenye foleni, mwingine kanunua gari juzi ndo anagundua bampa limeshikiliwa na skrubu mbili na maombi. Nimeyakusanya hapa. Mfano wangu mkubwa ni Toyota Altezza kwa sababu ndo gari la spoti la zamani ambalo wengi tunalo au tumewahi kulitamani, lilianza kuuzwa Japan 1998 likakoma 2005, yaani hata lile la mwisho kabisa sio kijana tena. Ila mengi humu yanafanya kazi pia kwa Celica, Impreza, MR2, Skyline na ndugu zao.

Bampa limepasuka, nitengeneze au nitafute lingine?

Kama ni la orijino lililokuja na gari kutoka Japan, tengeneza mpaka litakaposhindikana. Najua mafundi wengi watakwambia mkuu hili limekufa nunua lingine, lakini wengi wao wanapigia hesabu muda wao, ufa ukitengenezwa vizuri unakula nusu siku nzima na kufunga bampa lingine ni kazi ya saa moja. Bampa la orijino hata kama lina ufa wa urefu wa mkono bado kona zake zinakutana na fenda pale zinapotakiwa kukutana, matundu ya klipu yapo mahali pake, na taa inakaa bila kulazimishwa. Kopi ya bei rahisi inaweza kuwa mpya inang'aa na bado ikakutesa.

Cha kuangalia ni ufa uko wapi. Ukiwa katikati ya uso au chini mdomoni, hiyo inatengenezeka bila wasiwasi. Masikio ya kufungia yakiwa yamekatika lakini vipande unavyo, okota hata kile kidogo weka kwenye mfuko, yanarudishwa. Masikio yakiwa hayapo kabisa upande mzima na fundi inabidi ayajenge upya, hapo anza kulinganisha bei. Na kama bampa limeshapita kwa mafundi wengi, ukiligonga kwa kidole unasikia sauti nzito ya puti (ile lami ya kujazia mabonde) kama ukuta, achana nalo, kila utakachoweka juu ya ile puti kitapasuka nayo.

Nyuma ya bampa kuna nini?

Hili watu hawaliulizi na ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza. Kile unachokiona na kukipiga rangi ni ganda tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu nyeupe au nyeusi inayonyonya mgongano wa kwanza wa ajali ndogo, nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma au aluminiamu inayopita kushoto kwenda kulia, na hiyo boriti imefungwa kwenye miguu miwili ya fremu. Kati ya hapo kuna rejeta, kondensa ya AC, honi, na kwenye magari yenye airbag kuna sensa zake maeneo hayohayo ya mbele.

Sasa ganda la plastiki linapigwa, linabonyea ndani, halafu linarudi lenyewe. Kwa nje unaona mchubuko na ufa mdogo, unampigia fundi rangi, anakupa bei, unalipa, gari inapendeza. Kumbe boriti imepinda imesogea karibu na kondensa, sponji imevunjika vipande vitatu, na siku ukigongwa tena hata kidogo tu unanunua rejeta na kondensa kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hujazungumza bei ya rangi na mtu yeyote sema hivi: shusha bampa kwanza tuone. Fundi anayekataa kulishusha na anataka kupiga rangi likiwa juu ya gari, mshukuru uende kwingine.

Likishashuka angalia boriti kwa kulala chini uitazame kutoka pembeni, kama imepinda utaona. Pima umbali kutoka boriti mpaka kondensa kushoto na kulia, ulingane. Angalia ile miguu ya fremu kama rangi yake imekunjamana au kupasuka, rangi ya kiwandani haikunjamani bila sababu. Nafasi kati ya boneti na fenda iwe sawa pande zote mbili. Kama boneti imekaribiana na fenda upande mmoja na ganda la bampa linaonekana zima, swali lako limeshahama, hilo ni suala la fremu na sio bampa tena.

Boriti iliyopinda si inanyooshwa tu?

Mafundi wetu wananyoosha kila kitu, sikatai uwezo wao. Ila boriti ya aluminiamu ukiinyoosha inabaki na nyufa ndogo usizoziona, na ya chuma wakiipasha moto mpaka ikawa nyekundu inakuwa laini pale walipoichoma. Inakaa mahali pake vizuri na haifanyi kazi yake. Boriti za mtumba zinapatikana na huwa sio ghali kama watu wanavyofikiri kwa sababu hakuna anayezigombania, wote wanagombania maganda na taa. Huku pwani angalia kutu pia, hasa zile sehemu za kulehemu.

Sponji nayo usikubali kuambiwa sio lazima. Gari ngapi zinatembea bila sponji sijui, ila ukibonyeza bampa la mbele kwa goti likaingia ndani kirahisi ujue mtu alishaiondoa.

Nitajuaje bampa langu ni plastiki gani?

Geuza ganda uangalie mgongoni, karibu na kona au sehemu ya chini, utakuta herufi zimepigwa chapa. PP, au PP+EPDM, au TPO, au TEO, hizo zote ni familia moja, ni plastiki ile inayoyeyuka kwa moto na kuganda tena, na mabampa mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 kuja huku ndo hayo. ABS ni ngumu zaidi na inakatika badala ya kukunjika. PUR ni yurethani, unaikuta kwenye baadhi ya magari ya spoti ya miaka ya 1980 na 1990, ni nzito, inakunjika kama soli ya kiatu, na haiyeyuki vizuri, ukiichoma inaungua tu na kutoa mapovu. Kama hakuna herufi yoyote na mgongoni unaona nyuzinyuzi, hiyo ni fibaglasi, mtu alibadilisha kabla yako.

Herufi zikiwa zimefutika, chonga kakipande kembamba sehemu iliyofichika, toa rangi yote, tupia kwenye glasi ya maji. PP inaelea. ABS na yurethani zinazama. Kipimo cha dakika moja na kinakuokoa hela nyingi, maana gundi na fimbo ya kuyeyushia inategemea hapo.

Fundi anataka kulishona na waya, nikubali?

Kushona kwa waya au kwa zile taizipu nyeusi kunashikilia bampa lisidondoke njiani, basi. Kama upo safari Morogoro na unataka kufika Dar, shona. Kwa matengenezo ya kudumu hapana, kwa sababu kila tundu la waya ni mwanzo wa ufa mpya, na ukishaweka puti juu ya waya unaocheza puti inaachia.

Kuna njia nzuri iliyo karibu na hiyo ambayo ni pini za moto, kile kifaa kinachopasha moto pini iliyopinda kama wimbi na kuizamisha kwenye plastiki kutokea nyuma. Hizo zinashika kweli ilimradi ziwekwe mgongoni na juu yake plastiki iyeyushwe kuzifunika. Pini peke yake bila kuyeyusha ufa wenyewe ni nusu kazi.

Na kuyeyusha kwa plastiki ya ndoo au ya dumu?

Hapa ndo kazi nyingi za mtaani zinapofeli. Madumu mengi ya mafuta na maji ni polithini, nayo inaelea kwenye maji vilevile kwa hiyo inadanganya, unaiyeyusha juu ya PP inaonekana imeshika, baada ya wiki mbili za jua na matuta inabanduka kama stika. Plastiki inashikana na ndugu yake tu. Fimbo nzuri na ya bure ni vipande vya bampa lingine bovu lenye herufi zilezile, fundi anakata vijiti vyembamba anatumia hivyo. Ukiwa na bampa la zamani la orijino limekufa usilitupe, hiyo ndo stoo yako ya fimbo.

Supa gluu na ile poda ya kuokea keki je?

Inaganda sekunde hiyohiyo na inakuwa ngumu kama jiwe, na hilo ndo tatizo lake. Bampa linatakiwa kukunjika kidogo, jiwe halikunjiki. Tena supa gluu haiipendi PP kabisa. Tumia kwa kushikilia vipande wakati unajiandaa kuyeyusha, au kwa kisikio kidogo cha grili ya ABS, sio kwa ufa wa bampa.

Halijapasuka, limebonyea tu. Maji ya moto yanasaidia kweli?

Yanasaidia sana kwenye PP. Chemsha maji mpaka yachemke kweli, mwagia taratibu juu ya sehemu iliyobonyea, halafu mtu mwingine mwenye glovu asukume kutokea nyuma. Likirudi mwagia maji baridi likae. Wengine wanatumia mashine ya kukaushia nywele, sawa tu, ila usisogeze moto wa mkaa au tochi ya gesi, rangi itatoka malengelenge kabla plastiki haijalainika.

Likiwa na mkunjo mkali wenye mstari mweupe, maji yatarudisha umbo lakini ule mstari utabaki na utahitaji msasa na rangi. Kwa fibaglasi usijaribu, haibonyei, inapasuka.

Nataka kufanya mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi?

Osha kwa sabuni ya vyombo mbele na nyuma, kausha, halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti. Watu wanaruka hii hatua na bampa limejaa vumbi, grisi na nta ya kung'arishia, hakuna kitakachoshika hapo. Tafuta mwisho halisi wa ufa, huwa unaenda mbele kidogo kuliko unavyoonekana, toboa katundu kadogo kama milimita tatu pale mwisho ili usiendelee kukimbia.

Panga pande mbili zikutane sawasawa, zishikilie kwa utepe wa alumini kwa mbele. Geuza, anza mgongoni. Chimba mfereji wa umbo la V kufuata ufa, usizidi nusu ya unene. Yeyusha fimbo ijaze mfereji, na ukiwa na wavu mwembamba wa chuma kisicho na kutu uzamishe juu yake, hasa kwenye kona. Ukitumia hewa moto, PP inataka kama nyuzi 300, ukitumia chuma cha kulehemea vifaa vya umeme nenda taratibu uhakikishe pande zote mbili zinayeyuka pamoja, ukipaka plastiki moto juu ya plastiki baridi umepoteza muda. Iache ipoe yenyewe. Geuza mbele, toa utepe, chimba V nyingine, jaza, poa, piga msasa.

Msasa anza na namba 80 au 120 pale tu kwenye kovu, 180, kisha 320 kwa eneo pana. PP ukiipiga msasa kwa kasi inaota manyoya, punguza kasi na tumia msasa mpya. Mabonde madogo yaliyobaki jaza puti ya plastiki inayokunjika, puti ya bodi ya chuma usiilete hapa. Na fanya hii kazi sehemu yenye hewa maana moshi wa plastiki sio wa kuvuta.

Kwa PUR sahau mambo ya hewa moto, hapo unahitaji gundi ya yurethani ya kuchanganya mbili pamoja na kitambaa cha nyuzi mgongoni. Mfereji wa V ni uleule.

Kwanini rangi ya bampa inabanduka vipande vipande na ya milango haibanduki?

Kwa sababu PP ina uso unaokataa kila kitu, na fundi rangi aliruka dawa ya kushikisha, ile ya maji maji inayopulizwa kwenye plastiki tupu kabla ya praima (rangi ya kwanza ya chini). Popote plastiki ilipoonekana tupu baada ya msasa lazima ipite hiyo dawa, safu nyembamba tu. Halafu praima ya kuchanganya na hadena (dawa ya kugandisha), msasa wa 400 mpaka 600, halafu rangi, halafu kliya (ile safu ya juu inayong'aa isiyo na rangi) mara mbili.

Sababu ya pili ni rangi za zamani zilizorundikana. Gari la miaka ishirini na kitu unaweza kukuta limepigwa rangi mara tatu nne, na kila safu mpya imekaa juu ya ile iliyokuwa tayari inaachia. Hapo zitolewe zote kwa msasa. Dawa ya kubandulia rangi ya chuma usiipake kwenye bampa, inakula plastiki yenyewe.

Na hadena ya rangi za 2K (zile za kuchanganya mbili) ina kemikali inayoshambulia mapafu, mtu anaweza kupata pumu ya maisha. Kitambaa cha kanga usoni hakizuii chochote. Vaa barakoa ya kaseti mbili za kuchuja mvuke, fanyia nje au chumba chenye feni, watoto mbali.

Rangi imefanana kwenye kopo lakini kwenye gari haifanani!

Kwanza ulimpa mchanganyaji rangi kodi, yaani namba ya rangi ya gari lako? Kwenye Toyota fungua boneti, kuna kibati chenye aina ya gari, namba ya fremu na maneno COLOR na TRIM, ile namba ya rangi ndo ya kumpelekea mchanganyaji. 040 ni nyeupe ile ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1C0 ni silva. Subaru ya bluu maarufu ya ralii ni 02C. Usiende na picha ya simu ukasema nataka silva kama hii.

Pili, kodi inakupa rangi ya gari likiwa jipya, la kwako limekaa juani miaka. Mwambie mchanganyaji apige kwenye kadi kwanza, ikauke na kliya yake, uishike karibu na fenda nje juani, sio dukani chini ya taa. Silva na metaliki nyingine zinabadilika hata kwa jinsi fundi anavyoshika bunduki ya kupulizia, akipuliza kwa kulowesha zile chembe zinazama na rangi inakuwa nyeusi kidogo, akipuliza kavu inang'aa zaidi. Ndo maana fundi mzuri wa metaliki anaomba apotezee rangi kidogo kwenye fenda ili jicho lisione mpaka, na hapo bei inapanda kihalali. Nyeupe ya lulu ni safu tatu, nyeupe ya chini, lulu, kliya, na idadi ya mapito ya lulu ndo inaamua rangi, hiyo mpe mtu ambaye umeona kazi yake kwa macho.

Nyeusi na nyeupe za kawaida ndo rahisi. Niamini, wenye Altezza nyeusi wana bahati.

Ninunue mtumba wa Japan, kopi mpya, au fibaglasi?

Kwangu mpangilio ni mtumba wa orijino kwanza, hata wenye mikwaruzo na rangi nyingine. Kopi mpya ya plastiki ya pili. Fibaglasi ya mwisho, isipokuwa unataka muonekano ambao haupo kwenye orijino.

Mtumba Dar unaanzia Kariakoo na Ilala, Nairobi watu wanaenda Grogan na Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka, na wengine wanaagiza Sharjah, kule Falme za Kiarabu, ambako maduka ya spea za mtumba yamejaa. Kenya kuna kitu cha kuzingatia, sheria ya gari lisizidi miaka minane kuingia nchini ilishafunga mlango wa Altezza muda mrefu, kwa hiyo magari yaliyopo ndo yaliyopo, spea zinakuja kama spea tu, na bei inaenda inavyotaka. Ndo maana nosikati, kile kichwa kizima cha mbele kilichokatwa Japan, kinaweza kuwa na akili zaidi kuliko bampa peke yake kama na taa zako zimefubaa na rejeta inavuja. Unapata bampa, sponji, boriti, taa, klipu, vyote vya gari moja vilivyozoeana. Vilivyobaki unauza.

Ukifika dukani ligeuze bampa uangalie mgongoni, mbele wamelipangusa na kulipaka mafuta ya kung'arisha. Hesabu masikio. Angalia kama kuna kovu la kuyeyushwa. Na omba risiti yenye jina la duka, bampa la bei ya ajabu linalouzwa na mtu amesimama pembeni ya barabara lina mwenyewe mahali.

Namba za spea za Toyota nazisomaje?

Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani. 52119 ni ganda la mbele, 52159 ni ganda la nyuma, 52021 ni boriti ya mbele, 52611 ni sponji ya mbele. Tano zinazofuata zinasema gari na toleo, na kwa Altezza na Lexus IS utaona zinaanza na 53. Mpe muuzaji namba ya fremu kamili, mfano inayoanza SXE10 au GXE10, mwambie akutafutie kwa hiyo. Kusema tu nataka bampa la Altezza ndo mwanzo wa kurudi dukani.

Bampa la Lexus IS 200 au IS 300 linaingia kwenye Altezza?

Ni gari moja kwa majina mawili, Altezza kwa Japan, Lexus IS kwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo sehemu za kufungia zinaelewana. Tofauti ni vitu vidogo, baadhi ya yaliyouzwa Ulaya yana matundu ya vinyunyizio vya kuoshea taa, ya Marekani yana mambo yao ya taa na viakisi vya pembeni. Kwa ndugu aliyeko Marekani anayetaka kukutumia moja kwenye kontena, mwambie akupigie picha mbele, nyuma na kona zote mbili kabla hajalipa. La nyuma angalia zaidi, Altezza Gita ile ya familia mgongo wake ni mwingine, la mbele ndo wanachangia.

Mimi nina Impreza, nimepata bampa zuri la mwaka mwingine, litaingia?

Impreza ya kizazi cha pili ilibadilisha sura mara mbili, ya macho ya mviringo ya 2000, kisha ya 2002, kisha ya 2005. Bampa linafuata taa, na taa zinafuata fenda na boneti. Ukinunua bampa la sura nyingine umenunua uso mzima bila kujua. Kuna watu wanafanya makusudi na inapendeza, ila wanapanga bajeti ya uso mzima tangu mwanzo.

Bampa jipya halikai, kuna mwanya kwenye fenda.

Kabla hujalaumu bampa angalia vile vishikio vya plastiki vya pembeni, vinafungwa kwenye fenda na bampa linaingia humo kwa kubonyeza. Vikivunjika hakuna bampa litakalokaa, la orijino wala la dhahabu. Ni vitu vidogo vya bei ndogo na watu wanaviruka, matokeo yake fundi anapiga skrubu kupitia bampa mpaka kwenye fenda, skrubu inatoboa rangi ya fenda, kutu inaanzia hapo na kushuka chini.

Vishikio vikiwa vizima, legeza fenda na taa, weka bampa, kaza kila kitu taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni. Klipu nunua mpya zote, za zamani zimekauka. Na rudisha lile karatasi la plastiki la chini ya injini, likikosekana bampa linapepea kwenye mwendo, na hewa inayotakiwa kupita kwenye rejeta inakimbilia chini, halafu unaanza kumtafuta mchawi wa gari kuchemsha.

Lipu (mdomo wa ziada chini ya bampa) na bodikiti (seti nzima ya mabampa na sketi za pembeni) za fibaglasi kwa barabara zetu?

Inategemea unapoishi. Matuta ya mitaa ya ndani hayasomi kitabu chochote cha vipimo, na fibaglasi haisamehi. Kama lazima, lipu iwe kipande tofauti kilichofungwa kwa boliti chini ya bampa la orijino ili ikivunjika ivunjike yenyewe. Bodikiti nzima ifungwe kwenye gari bila rangi kwanza, ikatwe, ichongwe, ikae, ndo ikapigwe rangi. Aliyepiga rangi kabla ya kujaribisha atapiga mara mbili. Uzuri wa fibaglasi ni kwamba kuitengeneza ni rahisi na rasilimali yake ni nafuu, mkeka na rezini na hadena, unapiga msasa mgongoni unabandika tabaka mbili tatu, kesho unachonga.

Pleti namba haikai kwenye bampa la Japan.

Pleti ya Japan ni fupi na nene, sentimita 33 kwa 16.5, na mahali pake pamechongwa hivyo. Yetu ndefu inaning'inia pembeni. Usiikunje ifuate bampa, fungia kwanza bati au plastiki bapa kwenye matundu yaliyopo, halafu pleti juu yake. Unaepuka kutoboa ganda zima.

Naweza kutembea bila bampa nikisubiri rangi?

Kwenda gereji na kurudi, sawa. Wiki tatu hapana. Kondensa inabaki uchi mbele ya mawe, pleti haina pa kukaa, trafiki atakusimamisha, na yule mtembea kwa miguu utakayemgusa atakutana na chuma moja kwa moja.

Nimegongwa na mtu, bima italipa?

Kama kosa ni lake, bima yake hata ile ndogo (third party) ndo inahusika na gari lako, ila unahitaji ripoti ya polisi, picha za eneo, namba ya gari lake na taarifa za bima yake. Makubaliano ya pale pale barabarani yafanye baada ya kushusha bampa, sio kabla, kwa sababu zile nilizosema za boriti na kondensa. Ukiwa na bima kubwa (comprehensive) soma kuhusu uchakavu, kwa gari la umri huu wanaweza kukata kiasi kwenye spea mpya, na mwambie mkaguzi kwa maandishi kwamba unataka ganda la orijino litengenezwe au libadilishwe kwa orijino la mtumba, wengine hawana shida na hilo maana ni nafuu kwao pia.

Limeshapigwa rangi, nikae muda gani kabla ya kuosha?

Lishike kesho yake, lifunge kwenye gari kesho yake, ila maji ya presha subiri wiki, na nta ya kung'arisha subiri mwezi ili kliya imalize kupumua. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vitoe siku hiyohiyo kwa maji na sabuni laini bila kusugua. Na wale vijana wa kuosha magari waambie bomba la presha wasilielekeze kwenye kingo za bampa kwa karibu, wanapenda sana kuanzia hapo kwenye kona.